Breka Ina Upande

Haya niliyasema mbele ya mafundi wa umeme na sola waliokusanyika Morogoro. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikapunguza pale niliporudiarudia.

Wazee wangu mliotangulia katika kazi hii, shikamooni. Mafundi wenzangu, dada zangu na kaka zangu, habari za asubuhi.

Naona benchi la nyuma wamekaa mafundi wa kuchomelea. Nimefurahi, maana nataka kuanza na ninyi ingawa mada ni breka, ile swichi inayojifungua yenyewe kukata umeme mkondo ukizidi. Nani amewahi kuchomelea kona ya geti kwa mashine ya DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, akakaribia mwisho wa bomba, moto ukaanza kumhama? Unaelekeza elektrodi huku, moto unakimbilia kule, chuma kinarukaruka, mshono unatoka una matundu kama andazi lililozidi hamira. Naam, naona mikono. Wengine hulaumu elektrodi kwamba imeshika unyevu. Wengine hulaumu mashine. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akiona hivyo anahamisha tu kibano cha waya wa kurudi, anakipeleka upande wa pili wa kazi, moto unatulia. Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia, "Umeme una njia zake, wewe choma." Nikachoma.

Miaka ikapita ndipo nikajua kwamba kinachousukuma moto ule ni sumaku. Ampea 150 zikipita kwenye chuma zinajenga uga sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku, kandokando yake. Kwenye kona uga huo hauna nafasi ya kutandaa sawasawa, unasongamana upande mmoja. Na moto wa kuchomelea wenyewe ni mkondo, ila mkondo unaopita hewani badala ya kupita wayani. Mkondo ukikutana na uga sumaku unasukumwa. Waya ungeweza kushikilia mahali pake kwa sababu umefungwa. Moto haujafungwa popote, kwa hiyo unahama.

Moto huo jina lake ni tao la umeme, tao kama tao la mlango wa msikiti. Humphry Davy, yule mkemia wa London, mwanzoni mwa karne ya 19 aliweka vijiti viwili vya mkaa vikiwa vimelala, akaunganisha betri kubwa, akavitenganisha taratibu. Hewa ya moto ikapanda, ikaunyanyua mwanga katikati ukapinda. Nitalishika neno hilo tao asubuhi hii yote, maana neno letu la kila siku, cheche, halitoshi. Cheche inaruka na kufa. Tao linakaa na kula.

Na huyohuyo Davy, mwaka 1821, mwaka mmoja tu baada ya Ørsted wa Copenhagen kuona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme, alisogeza sumaku karibu na tao lake akaliona likisukumwa na kuzunguka. Kwa hiyo jambo hili ni la zamani kuliko balbu. Ilichukua miaka mingine 60 na zaidi kabla mtu hajaona lina faida gani.

Nimeleta breka mbili nilizozipasua kwa msumeno. Zipitisheni, mtu asiingie nayo mfukoni.

Ile nyeupe ni ya kawaida, ya AC, yaani umeme unaogeuka upande kila mara, ampea 20, kama iliyo kwenye meni swichi za nyumba zenu. Babu wa breka hizi ni ile ya Hugo Stotz wa Mannheim, Ujerumani, aliyoiandikishia hataza mwaka 1924. Tumbo lake mnaliona. Kuna koili nene ya shaba: hiyo inavuta kipini mkondo wa shoti unapopita, kipini kinagonga, breka inafunguka. Kuna kipande kirefu cha metali mbili kinachopinda kikipata joto: hicho ni cha mzigo uliozidi taratibu. Haya tunayafundisha kila siku na mtihani unayauliza. Lakini hiki kitu kingine, hivi vibati vya chuma vilivyopangwa kama meno ya kitana, nani aliwahi kuulizwa kwenye mtihani? Hesabuni. Hii ina vibati 12.

Watu wengi wanadhani breka ikifunguka kazi imekwisha. Ndiyo kwanza inaanza. Pointi mbili, yaani vile vipande vinavyogusana kupitisha mkondo, zikiachana, sehemu ya mwisho kugusana inakuwa ndogo kuliko ncha ya sindano, na mkondo wote umebanana pale. Shaba inayeyuka, inakuwa mvuke, mvuke unapasuka kuwa gesi inayopitisha umeme. Pointi zimeachana kwa macho yako, lakini umeme haujui kama zimeachana. Umepata daraja. Joto la daraja hilo ni nyuzi 6,000 na kuendelea, zaidi ya uso wa jua, na shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085 tu. Likikaa pale kwa muda breka haina maisha, na plastiki yake haina maisha, na kama boksi lililobeba breka ni la mbao au la chuma, tutajua muda si mrefu.

Basi ni lazima liondolewe pale lilipozaliwa, haraka, lipelekwe machinjioni. Machinjio ndiyo hivyo vibati.

Nani analipeleka? Hakuna feni humo ndani. Hakuna mkono. Angalieni njia ya mkondo: unapanda kwa reli hii ya shaba, unavuka kwenye tao, unashuka kwa reli ile. Ni herufi U. Mkondo ukipinda hivyo, uga sumaku ndani ya U unakuwa mzito kuliko wa nje, na kile kipande cha katikati, ambacho ni tao, kinasukumwa kwenda nje. Tao linakimbia juu ya reli kama mtu anayesukumwa mlangoni mwa daladala. Likikaribia vibati, chuma nacho kinafanya kazi yake: uga wa tao unapenda kupita kwenye chuma kuliko hewani, kwa hiyo chuma kinalivuta. Ndiyo maana vibati ni vya chuma, si vya shaba wala alumini, na ndiyo maana vina ufa wa herufi V mbele, ili mdomo wake ulimeze. Yote haya yanatokea ndani ya milisekunde chache. Wewe unasikia "tap" basi.

Likishamezwa linakatwakatwa. Tao moja linakuwa matao 13 madogo, moja kwa kila mwanya. Sasa kuna ujanja hapa ambao mimi binafsi naupenda kuliko kitu kingine chochote kwenye ufundi wetu. Kila tao, hata liwe fupi kama punje ya mchele, linatozwa kiingilio. Pale linapotoka kwenye chuma na pale linapoingia, volti kama 20 hadi 30 zinaliwa, liwe refu liwe fupi. Tao moja linalipa kiingilio mara moja. Likikatwa mara 13, linalipa mara 13. Chukua 25 mara 13 unapata volti 325. Na kilele cha umeme wetu wa volti 230 ni volti ngapi? Ni 325. Nakiri namba nimezichagua zikae vizuri, si kila breka inatoka sawa hivyo. Lakini mmeona hesabu inaelekea wapi: chanzo hakina tena volti za kulipia viingilio vyote hivyo, na tao lisilolipiwa linakufa.

Aliyeifanyia kazi sana hesabu hii ni Joseph Slepian wa Westinghouse, Marekani, katika miaka ya 1920. Alikuwa na shahada ya udaktari ya hisabati, si ya umeme. Vijana mnaochukia hesabu, nawaangalia.

Na AC ina huruma ya ziada. Kwa hezi 50 mkondo unarudi sifuri mara 100 kila sekunde. Kila milisekunde 10 tao linakata pumzi lenyewe. Breka kazi yake ni kuhakikisha halipumui tena. Kwa hiyo hata breka dhaifu ya AC mara nyingi inapona, kwa sababu umeme wenyewe unaisaidia.

DC haina sifuri. Umeme wa paneli haupumui. Ukiwa na paneli kumi kwenye mstari mmoja, kila moja volti 40, una volti 400 zinazosukuma tangu asubuhi mpaka jua lizame. Fungua pointi za swichi ya kawaida kwa milimita chache, tao litakula volti 30 au 40, na volti 360 zilizobaki zitalisha tao hilo kwa raha zote. Ndiyo maana swichi ileile isiyotoa hata moshi kwenye AC inawaka kama mshumaa kwenye DC. Wale wa sola ndogo za volti 12 hamkuwahi kuliona hili, na si kwa sababu mlikuwa mafundi hodari: volti 12 hazitoshi hata kiingilio cha tao moja. Mlipohamia betri za volti 48 mkaona moto wa kwanza mkasema betri ni feki.

Hapa ndipo lile la Davy na sumaku yake linarudi. Wa kwanza kukutana na tatizo hili kwa ukubwa walikuwa watu wa taa za tao na tramu za DC, miaka ya 1880 na 1890. Elihu Thomson, aliyekuwa mwalimu wa sekondari ya Philadelphia kabla ya kuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni zilizoungana kuwa General Electric, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kulipuliza tao kwa sumaku. Aliweka koili karibu na pointi, mkondo uleule unaokatwa ukapita kwenye koili, koili ikawa sumaku, sumaku ikalipuliza tao nje. Dereva wa tramu alikuwa akizungusha mkono wa kontrola, na ndani koili inapuliza kila hatua.

Koili hiyo ina tabia mbili, na tafadhali zishikeni zote mbili.

Ya kwanza ni njema. Geuza mkondo, uga wa koili nao unageuka. Vyote viwili vikigeuka pamoja, msukumo unabaki upande uleule. Wale mliosoma fizikia kumbukeni mkono wa kushoto wa Fleming: geuza kidole cha mkondo na kidole cha uga kwa pamoja, kidole gumba kinabaki pale pale. Kwa hiyo koili haijali chanya wala hasi.

Ya pili ni mbaya. Nguvu yake inatoka kwenye mkondo wenyewe. Mkondo ukipungua nusu, uga unapungua nusu, na tao lenyewe limepungua nusu, kwa hiyo msukumo unabaki robo. Ukipungua mara kumi, msukumo unabaki moja ya mia. Maana yake, breka inayokata ampea 1,000 bila kutetereka inaweza kushindwa na ampea tano. Mkondo mkubwa unajipuliza wenyewe. Mkondo mdogo unakaa mlangoni, haujapata nguvu ya kusogea na haujapungua kiasi cha kufa. Katika DC, mkorofi ni mdogo.

Na sola ni nini kama si mkondo mdogo wenye volti nyingi? Paneli ya kisasa inayotoa ampea 13 ikifanya kazi, ukiipiga shoti inatoa kama 14. Haina shoti ya maelfu ya ampea ya kulisukuma tao. Breka inayotegemea mkondo ujipulize itasubiri sana.

Dawa ni sumaku ya kudumu. Sasa tazameni ile breka ya pili, nyeusi kwa masizi, mkiipata mkononi. Pembeni mwa pointi kuna vipande viwili vya kijivu kama sumaku ya spika. Hivyo vipo pale daima, mkondo uwe mdogo uwe mkubwa, na vinausukuma hata ukiwa mdogo. Ni suluhisho zuri. Ila sumaku ya kudumu haigeuki. Ukigeuza mkondo, kidole cha uga kinabaki pale pale, na kidole gumba kinageuka. Tao halitaenda kwenye vibati. Litaenda upande wa pili, kwenye springi, kwenye plastiki, kwenye mkono wa kufungulia.

Ndiyo maana breka hizo zimeandikwa alama ya kujumlisha na ya kutoa kwenye tundu za skrubu, na mchoro ubavuni. Maandishi hayo si ya kupendezesha. Breka ya namna hiyo ina upande.

Hiyo nyeusi ni yangu. Mimi ndiye niliyeifunga. Ilikuwa kwenye jengo moja la huduma, sitataja wapi, paneli nane juu ya bati. Boksi lilikuwa dogo, waya za paneli zilitokea chini badala ya juu, nikaona nikiingiza chini na kutoa juu zitalala vizuri. Na zililala vizuri kweli, nikapiga picha. Ilifanya kazi miezi tisa. Breka iliyofungwa kinyume inapitisha umeme sawa kabisa na iliyofungwa sawa, mita haikuonyeshi tofauti, mteja haoni tofauti. Siku inveta, ile mashine inayogeuza DC kuwa AC, ilipohitaji kuhudumiwa, kijana wa pale akaishusha breka saa sita mchana, jua la utosi. Aliniambia kwenye simu, "Fundi, nimeizima lakini inaimba." Ilikuwa inaimba kwa sababu tao lilikuwa ndani. Tukafunika paneli kwa turubai, ndipo likafa. Hakuna aliyeumia, boksi lilikuwa la chuma. Lingekuwa la plastiki nisingeileta breka hiyo hapa, ningekuwa na mengine ya kueleza kwa watu wengine.

Nilipoipasua nikakuta vibati vyake vyote safi, vinang'aa kama siku vilipotoka kiwandani. Tao halikuwahi kufika. Upande wa pili plastiki ilikuwa mkaa.

Sasa kuna wanaosema: sawa, nitafuata alama na nitakuwa salama. Kwenye waya wa paneli, ndiyo. Kwenye waya wa betri, hapana, na hili naliona limekosewa kila wiki. Betri inachajiwa na inatumika. Mchana mkondo unaingia, usiku unatoka. Funga breka yenye upande kwa mkondo wa usiku, mchana iko kinyume. Igeuze, usiku iko kinyume. Hakuna namna ya kuifunga hapo ikawa sawa. Pale panatakiwa breka ya DC isiyo na upande, ambayo sumaku na vyumba vyake vimepangwa kiasi kwamba tao likienda kulia linakuta vibati na likienda kushoto linakuta vibati. Zipo, zinauzwa, bei imezidi kidogo. Na betri ya lithiamu, tofauti na paneli, shoti yake ni maelfu ya ampea, kwa hiyo angalieni pia namba ya kukatia, yaani mkondo mkubwa kabisa ambao breka inaweza kuukata, au mweke fyuzi ya DC inayoistahili.

Wenzetu wa laini kubwa nao wana sumaku zao, nitapita haraka. Breka za vakyumu za kilovolti 11 na 33 mnazoziona kwenye vituo vya kupozea umeme hazina vibati wala hewa, lakini pointi zake zimechongwa mikato ya kuzunguka kama konokono. Mikato hiyo inaulazimisha mkondo ujenge uga unaolizungusha tao kasi juu ya pointi, lisiketi mahali pamoja likachimba shimo. Nyingine zimechongwa ili uga upite sambamba na tao, nalo linatandaa badala ya kubanana. Mkondo ukifika sifuri, mvuke unatua na umeme hauna pa kupita. Tena wanaisubiri sifuri. Kwenye laini ndefu ya DC kama ile ya kilovolti 500 itokayo Ethiopia mpaka Suswa, Kenya, kilomita 1,045, sifuri haipo, na wanazima kwa vifaa vya kubadili umeme vilivyo miishoni, pamoja na breka za upande wa AC. Hata wao hawapendi kulikata tao la DC uso kwa uso.

Mzee mmoja hapa mbele ameuliza, naye ameuliza vizuri, nirudie wote wasikie: "Mimi nimefunga breka ya AC kwenye paneli zangu, mwaka wa nne huu, mbona haijaungua?"

Mzee wangu, haijaungua kwa sababu haijafanya kazi. Imefungwa, imetulia, inapitisha umeme kama kipande cha waya. Nikikuuliza umewahi kuishusha saa sita mchana mzigo ukiwa umewaka? Unatikisa kichwa. Basi usiishushe. Ukirudi nyumbani zima inveta kwanza, mkondo ushuke, ndipo ufungue upande wa DC; au ngoja jioni giza liingie, au funika paneli. Kisha itoe, uweke iliyoandikwa DC yenye volti zinazozidi volti za mstari wako bila mzigo, siyo zile za mzigo. Na soketi za MC4, zile za kuunganishia waya za paneli, usizichomoe jua likiwaka na mkondo ukipita; zile hazina vibati wala sumaku, tao likizaliwa pale liko mkononi mwako.

Dada wa shati la bluu anauliza utajuaje kama breka ina upande endapo maandishi yamefutika. Ukiona alama ya chanya na hasi, au mchoro wenye mshale wa mkondo, ichukulie ina upande. Ukiona maandishi yamefutika, ichukulie haifai.

Nimeona wengine mmekuja na breka za kazini kwenye mabegi. Zitoeni, ziwekeni hapa mezani, msumeno ninao.